Miezi Sita ya Dawa

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme juu ya hospitali na afya. Jambo hilo ni pana kama bahari, na mwenye kutaka kuliogelea lote kwa saa moja atazama. Basi tumechagua ugonjwa mmoja, nao ni kifua kikuu. Si kwamba huo ndio pekee uletao kilio katika nyumba zetu, la. Ila daftari la chama lina kurasa mbili ambazo tumeshindwa kuzifunga bila kuzisema mbele yenu. Na tuungame mapema kwamba sisi si waganga. Kazi yetu ni kalamu. Habari za dawa tumeziuliza kwa wenye kuzijua, nao wameketi hapa. Tukikosea, watusahihishe.

Ukurasa wa kwanza ni wa mwezi wa Februari, 2022. Siku ile alikuja mbele ya meza yetu mwenzetu mmoja, fundi seremala, ambaye wengi mlimjua na ambaye hatutamtaja jina kwa kuwastahi watoto wake. Alikuwa amekohoa muda mrefu akidhani ni vumbi la mbao. Alikunywa dawa za kikohozi za dukani, chupa baada ya chupa, mpaka nguo zikaanza kumpwaya na shuka zikawa zalowa jasho usiku. Ndipo akaenda hospitali, akapimwa makohozi, akaandikiwa vidonge. Alipofika kwetu alikuwa amekwisha kuvimeza kwa miezi miwili. Mashavu yamerudi, kikohozi kimekoma, na randa iko mkononi tena. Alituomba nauli ya kwenda hospitali na kurudi kwa miezi minne iliyobaki, kwa maana kila siku ya kuchukua dawa alipoteza ujira wa siku nzima, na juu yake nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi.

Tulifungua Kanuni za Chama. Kanuni zilisema kwamba msaada hutolewa kwa msiba, kwa moto, na kwa mwanachama aliyelazwa. Yeye hakulazwa, alisimama mbele yetu kwa miguu yake. Tukaandika katika ukurasa ule neno moja, "Hahusiki," tukatia tarehe. Akatushukuru, akatoka. Kumbukumbu ya kutushukuru kwake hutuchoma kuliko mengine yote.

Mwezi uliofuata alichelewa kufika hospitali, kwa kuwa alitangulia kupita kazini kumwomba bwana wake ruhusa. Dirisha lilikuwa karibu kufungwa. Mtumishi aliyekuwapo akamwambia kwa sauti, watu wakisikia, "Ninyi wa TB simameni kule nje, tena wewe rudi kesho." Hospitali ile hatuitaji, wala mtumishi yule hatumjui. Mwenzetu alisimama kule nje kidogo, kisha akaenda zake, na kesho yake hakurudi, wala mwezi wa pili. Alijiona mzima. Mtu aliye mzima, asiye na nauli, na aliyetahayarishwa mbele ya watu, atarudi kufuata nini?

Ukurasa wa pili ni wa Novemba, mwaka uleule. Kikohozi kilikuwa kimerudi, naye akakificha kwa aibu ya kuulizwa kwa nini aliacha dawa. Alipopelekwa hospitali alipelekwa amebebwa, akafariki siku ya nne. Hapo sasa Kanuni zilimhusu. Kwa siku tatu tulichanga fedha za jeneza, za gari la kumfikisha nyumbani, za chakula cha waombolezaji, na za kukodi turubai. Fedha za turubai peke yake zingalitosha nauli yake ya miezi minne, na chenji ikabaki. Kurasa hizo mbili zina mwandiko mmoja, na mwandiko huo ni wetu.

Sasa mtauliza, kama alikuwa amepona kwa miezi miwili, hiyo minne ilikuwa ya nini? Swali hilo ndilo liuaalo watu wetu, na tumeona vema kulijibu kwa urefu.

Mganga Mjerumani, Robert Koch, alitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882, kwamba amekiona kijidudu kiletacho ugonjwa huu. Tangu hapo haikufaa tena kumtafuta jirani aliyeroga, wala kusema kwamba ukoo fulani una damu ya kifua, ingawa maneno hayo tungali tunayasikia hata katika mikutano yetu. Lakini kukiona kijidudu si kukiua. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla streptomisini haijagunduliwa huko Marekani mwaka 1943, na dawa iitwayo isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Hata hapo mgonjwa alitakiwa kutumia dawa mwaka mzima, au mwaka na nusu, na katika nchi nyingi aliwekwa mbali na jamaa zake katika hospitali za kukaa, kwa imani kwamba hewa safi, kitanda na chakula kizuri ndivyo viponyavyo.

Imani hiyo ilipimwa katika mji wa Madras, nchini India, ambao sasa huitwa Chennai. Kuanzia mwaka 1956 waganga waligawa wagonjwa maskini mafungu mawili. Fungu moja lilitibiwa katika hospitali ya kukaa, lenye mapumziko na mlo mzuri. Fungu la pili lilipewa dawa zilezile likiwa nyumbani, katika vyumba vilivyosongamana na chakula hafifu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1959, wale wa nyumbani walikuwa wamepona karibu sawa na wale wa hospitali, na jamaa walioishi nao hawakuambukizwa kuliko jamaa za wale wengine. Maana yake ni kwamba kilichoponya ni dawa iliyomezwa, wala si kitanda. Na maana yake nyingine ni kwamba kazi ya hospitali ilihama ikaja majumbani mwetu, iwe tumeipokea au hatukuipokea.

Lililobaki lilikuwa ni ule urefu wa muda, na hapa, mabibi na mabwana, tutembee vichwa juu kidogo. Mwaka 1970 waganga wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Uchunguzi wa Dawa la Uingereza walianza kujaribu kama miezi 6 yaweza kutosha, kwa kutumia dawa mpya ya rifampisini, au pirazinamidi, pamoja na zile za zamani. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walipimwa makohozi mara kwa mara, na hata baada ya kumaliza dawa waliendelea kufuatwa ili ionekane kama ugonjwa utarudi. Mwaka 1972 habari hizo zilichapishwa mjini London katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet: wale waliotumia miezi 6 pamoja na dawa hizo walirudiwa na ugonjwa wachache sana. Muda huu wa miezi 6, ambao leo unatumika duniani kote, ulithibitishwa katika miili ya watu kama baba zetu na mama zetu, waliokubali kukaa mpaka siku ya mwisho. Mjukuu wao akiukatiza katikati, amewavunjia kazi yao.

Kwa nini basi usiwe miezi miwili? Kila mkulima hapa anaijua ndago. Ukipita na jembe ukaikata, shamba litaonekana jeupe, na mgeni apitaye njiani atasema umelima vizuri. Lakini wewe unajua kwamba chini ya udongo zimebaki tunguu zake ndogondogo, nazo zinangoja mvua. Vijidudu vya kifua kikuu ni vivyo hivyo. Walio wengi huzaana upesi, na hao dawa huwaua katika majuma ya kwanza. Ndiyo sababu homa inashuka, kikohozi kinatulia, na uzito unarudi. Wachache hulala. Kijidudu kilicholala hakidhuriki kwa urahisi, na miezi minne ya mwisho ni ya kuwangoja hao wanapoamka, mmoja mmoja, wakutwe na dawa. Mwenye kuacha mapema amelima ndago kwa juu.

Tena liko baya zaidi. Mwenye kumeza leo na kuacha kesho huwafunza vijidudu kuzoea dawa, kisha huwakohoa vikiwa vimekwisha hitimu, na mkewe au mwanawe akaanza ugonjwa kwa namna ambayo dawa za kawaida haziuwezi. Matibabu ya ugonjwa sugu wa namna hiyo yalikuwa yakichukua miezi 18 au zaidi, pamoja na sindano zilizowaondolea wengine uwezo wa kusikia. Twashukuru kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu wa vidonge vya miezi 6 kwa wengi wa wagonjwa hao, lakini si jambo la kujitakia.

Tuyapite upesi yale ambayo mwenye kukohoa na mwenye kumeza hana budi kuyajua. Kikohozi kilichopita majuma mawili, homa za jioni, jasho la usiku, na kupungua mwili ni dalili za kwenda kupimwa, na mwenye virusi vya UKIMWI asingoje hata hayo majuma mawili. Makohozi hupimwa siku hizi kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kazi yake yenyewe huchukua kama saa mbili tu. Ugonjwa husafiri kwa hewa mtu anapokohoa, anapoimba au kusema. Haumo katika kikombe wala sahani, kwa hiyo mama anayemtengea mgonjwa kijiko chake huku madirisha yote yamefungwa amelinda mahali pasipo na mwizi. Afungue madirisha. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ya Kenya hazilipiwi. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne zilizochanganywa katika kidonge, na minne inayofuata ni dawa mbili, na hesabu ya vidonge hufuata uzito wa mtu, kwa hiyo asikatae kupanda mizani. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa mekundu kama maji ya machungwa. Kijana mmoja alikimbia dawa kwa siku tisa akidhani anakojoa damu, na hakuna aliyemwambia mapema. Lakini macho yakiwa ya manjano, au tumbo likichafuka na kutapika kusikoisha, au macho yakianza kufifia, hilo si la kungoja. Arudi hospitali siku ileile. Miguu ikifa ganzi aseme, maana iko vitamini ya kusaidia. Pombe na dawa hizi hugombania ini moja. Na akina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wamweleze muuguzi, kwa kuwa rifampisini huvipunguzia nguvu.

Watoto wa nyumba ile wapelekwe wote, hata wanaocheza na kucheka. Chanjo ya BCG wanayopewa wakizaliwa huwakinga zaidi na ugonjwa mkali wa utotoni, lakini si ngao ya maisha. Na kwa wale waliokaa karibu na mgonjwa iko dawa ya kuzuia ugonjwa usiamke.

Na sisi tulio watu wa kwenda na kurudi nyumbani tuna kosa letu maalum. Ikifika Desemba, au likitokea tanga, mtu hupanda gari na vidonge vya siku tatu, akakaa majuma matatu. Amwambie muuguzi kabla ya kusafiri. Atapewa vya kutosha, au barua ya kumpeleka katika kituo kilicho karibu na kwao, na hesabu haitakatika.

Sasa tuwape habari iliyo njema kidogo. Seremala yule alikuwa akiishi chumba kimoja na kijana wa kwetu. Baada ya mazishi kijana alipimwa, akaonekana naye anao. Nauli yake hatukuilipa sisi, maana Kanuni zilikuwa zilezile. Mama mmoja wa chama hiki, muuza mboga, ambaye sasa anatazama chini na kutuombea tunyamaze, ndiye aliyemshika. Kila alfajiri kabla hajaenda sokoni alibisha mlango wa kijana.

"Mwanangu, umemeza?"

"Nimemeza, Mama."

"Sijakuona ukimeza. Meza sasa, na ufungue mdomo nione."

Wakati mwingine kijana alikasirika, akasema yeye si mtoto. Mama akamjibu kwamba hata aliyezikwa hakuwa mtoto. Karatasi tupu za vidonge alizitia katika kopo la majani ya chai, na kila mwisho wa mwezi walizihesabu pamoja juu ya meza, kama mweka hazina ahesabuvyo michango. Mwezi wa pili makohozi yalikuwa safi, na hata mwisho yalikuwa safi. Kijana yuko humu ukumbini, naye ametupa ruhusa kusema haya ila jina. Mama yule hakusoma gazeti la waganga wa London, lakini alichokifanya kina jina katika vitabu vyao: huitwa kumeza mbele ya shahidi.

Nanyi wauguzi na watumishi, twaomba msikilize kwa upole, kwa kuwa tumekwisha kujishtaki sisi kwanza. Tunajua mistari yenu ni mirefu, na mikono yenu ni miwili. Kumweka mwenye kukohoa mahali penye hewa ni jambo la haki, na ndivyo ipasavyo, lakini laweza kusemwa kwa sauti ndogo, "Ndugu, njoo ukae hapa penye upepo, nitakuanza wewe." Akianzwa yeye, anaondoka upesi, na wote waliobaki wamepata nafuu. Tena mgonjwa ambaye dawa zinamfaa, kwa kawaida baada ya majuma mawili ya kumeza sawasawa hatari yake ya kuambukiza huwa imepungua sana. Mwenzetu alikuwa amemeza miezi miwili na zaidi. Alifukuzwa kwenda nje bure.

Na siku mgonjwa asipofika, kitabu chenu chamjua kabla yetu. Simu moja jioni ile, au ujumbe kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, ni kazi ndogo kuliko kumtafuta baada ya miezi sita. Akirudi amechelewa, mpokeeni kwanza na kumkaripia kuwe baadaye, au kusiwepo kabisa. Seremala alificha kikohozi cha pili kwa kuogopa karipio.

Jingine ni lenu wenyewe. Mtumishi wa hospitali akikohoa husema ni vumbi, kama seremala alivyosema. Barakoa ya kitambaa aliyovaa mgonjwa huzuia mate yake yasiruke. Ninyi mnahitaji ile inayobana uso, itwayo N95, na madirisha yaliyofunguliwa hata wakati wa baridi ya Julai. Wala msisahau wafagiaji na makarani wa kadi. Karani wa kadi ndiye mtu wa kwanza kukoholewa usoni, kabla hata mganga hajajua kuna mgonjwa, na ni nadra sana kukumbukwa. Hilo twalisema kwa upendeleo, maana karani ni karani popote.

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako tunaleta mbele ya mkutano mabadiliko ya Kanuni. Tunaomba baada ya maneno "mwanachama aliyelazwa" yaongezwe maneno "au aliye katika matibabu ya muda mrefu," ili chama kilipe nauli ya siku za dawa kwa mwenye kuonyesha kadi ya hospitali. Mzee wetu mweka hazina ametuambia faraghani kwamba anaogopa watu wote watakuwa wagonjwa siku ya nauli. Hofu yake si ya kupuuzwa, kwani yeye ndiye atakayeulizwa sanduku likiwa tupu. Lakini kadi ina tarehe na mhuri, na miezi sita ina mwisho. Jeneza halina siku ya kurudishwa. Tunaomba pia kila mgonjwa achague mwenyewe mtu mmoja wa kumshuhudia akimeza, asichaguliwe na halmashauri, na katika daftari aandikwe kwa namba tu. Jina litabaki kati yake, shahidi wake na karani. Na karani atakayelitoa nje, afutwe kazi siku hiyohiyo. Tunalisema hili tukijua litatuangukia sisi.

Kura itapigwa baada ya chai. Wageni wetu wamekuja na mikebe ya kupimia makohozi, nao watakuwa nyuma ya jengo hili, penye mwembe, ambapo hewa inapita na hapaonekani kutoka barabarani. Mwenye kikohozi apite mlango wa jikoni. Hataulizwa na mtu aendako, kwa kuwa chai nayo inatolewa upande uleule.